Kibarua cha Ijumaa Usiku

Katika jimbo la New Jersey, anayehesabu karata kichwani hafukuzwi kasino. Si huruma ya wenye kasino. Ni amri ya mahakama. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kesi ya Ken Uston, bwana aliyeacha cheo kikubwa kwenye soko la hisa huko California akaenda kucheza blekijeki, ule mchezo wa ishirini na moja. Alijulikana mno hata akawa anaingia na ndevu za bandia. Majaji wakasema kasino haiwezi kujitungia yenyewe kanuni ya kumkataza mtu kwa sababu ya namna anavyocheza. Kanuni kama hiyo itungwe na tume ya serikali, na tume haikuitunga. Kwa hiyo Atlantic City mwenye hesabu zake anakaa meza moja na asiye nazo. Nevada ni habari nyingine. Kule msimamizi anakugusa bega, anakwambia michezo yote ruksa ila huu, na ukipigwa marufuku kisha ukarudi unashitakiwa kwa kuingia kwa watu bila idhini.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyelowea New Jersey. Kazi yangu ya kujulikana ni kwenye nyumba ya kulelea wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza, kusikiliza hadithi ya meli ileile kila asubuhi. Kazi yangu ya kutojulikana naifanya baadhi ya Ijumaa usiku, zaidi ya maili mia moja kusini mwa ninapoishi, ufukweni mwa Atlantic City.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Ikitoka karata ya 2 hadi 6, unaongeza moja. Ikitoka 7, 8 au 9, unaiacha ipite. Ikitoka kumi, au mzungu yeyote, au ree, unatoa moja. Jumla ikipanda, maana yake karata ndogo zimeshakwisha na kubwa bado zimo ndani ya kasha, na kubwa ndizo zinazomfaa mchezaji. Ree ikikutana na kumi mkononi mwako unalipwa 3 kwa 2. Mgawaji naye, ambaye kanuni inamlazimisha kuendelea kuvuta mpaka afike 17, anazidisha 21 kirahisi. Kasha huwa na pakiti nane, karata 416, kwa hiyo jumla yako unaigawa kwa pakiti zilizobaki, nazo unazikisia kwa jicho. Mwalimu wa hisabati aitwaye Edward Thorp ndiye aliyefumbua mambo haya kwa msaada wa kompyuta ya IBM 704 akayatoa kitabuni mwaka 1962. Kwa kijana aliyekulia kwenye kijiwe cha albastini, ambako kusahau turufu ngapi zimetoka ni kumtukana mwenzako mnayecheza upande mmoja, hilo halimtoi jasho.

Jasho linatoka kwenye kutoonekana. Maana mahakama ilikataza kufukuza, haikukataza kuchanga. Wakishakushuku, mgawaji anaambiwa achange karata upya kila dau lako linapopanda, hata kasha likiwa halijafika nusu, na hesabu yako yote inarudi sufuri. Hawakugombezi. Wanakuletea soda ya bure, wanakuuliza kama kiti kiko sawa, na wewe unaendelea kupoteza pesa kwa heshima zote kama wageni wengine.

Sasa, kinachomwumbua mwenye kuhesabu ni dau. Dau la dola 25 likiruka ghafla kuwa 100, kamera za darini zinaamka. Ndiyo maana inabidi uwe na sababu ya kijinga ya kupandisha dau. Wenzangu wengine hujifanya walevi. Mimi situmii kileo na soda ya tangawizi haijamlevya mtu, kwa hiyo nilijipa biashara: nikawa mfanyabiashara wa karafuu kutoka Zanzibar, pesa si tatizo, akili si nyingi. Nikanunua na kofia.

Biashara ya karafuu iliniendea vizuri mpaka siku msimamizi wa meza, baba mtu mzima mwenye tai nyekundu, alipotokea kuwa na hamu ya kweli ya kujifunza. Aliniuliza karafuu zinavunwaje, nikamweleza wanavyopanda mitini. Akauliza zinaanikwa siku ngapi, nikamweleza. Akauliza zinauzwa kwa magunia? Nikasema ndiyo, gunia la kilo 50. Akakunja uso: kilo 50 ndiyo paundi ngapi hizo? Kabla hajafunga mdomo nikamjibu, "Mia na kumi." Na magunia 36? "Elfu tatu mia tisa na sitini." Mkono wangu ulikuwa unapapasa meza kuomba karata huku nikijibu, na jumla ya kasha kichwani ilikuwa haijatetereka. Nilijisikia raha kidogo, nisifiche.

Yule baba alinitazama kwa muda. Kisha akatabasamu, akamwinamia mgawaji, akamnong'oneza neno moja. Karata zikachangwa.

Lakini huyo nilimsamehe, alikuwa kazini. Aliyeniharibia zaidi ni malezi. Siku moja kasha lilikuwa limepanda nisivyowahi kuona, hesabu imefika kumi na moja na pakiti zilizobaki ni tatu tu, nimeweka dola 100, napumua taratibu. Nyuma ya mgongo wangu, kutoka kwenye mashine za dubwi, akapita mzee wetu. Huyu ni mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana kwenye misiba, mtu mwenye mvi zake, anayefungua kila kikao kwa sala. Mtu mwenye busara angegeuza kofia akatazama meza. Mtoto wa Tanga hana uwezo huo. Ulimi ulitangulia, na makalio yakaufuata, nikajikuta nimesimama.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Unajua salamu zetu hazikatwi katikati. Aliuliza wa nyumbani, aliuliza watoto na shule, aliuliza presha ya mama, aliuliza kama mvua zimenyesha Tanga. Nami nikamuuliza goti lake, na mkwe wake wa Texas. Mgawaji alisubiri. Bibi wa kiti cha pili, aliyekuwa akivuta sigara tangu jioni, alisubiri. Tulipomaliza nilikuwa na habari za ukoo mzima na sikuwa na hesabu. Hapo mzee akateremsha sauti: "Umefuata nini huku?"

"Bafe, mzee. Nasikia samaki wao wazuri."

"Hata mimi," akasema, chipu zikigongana mfukoni mwake.

Tangu usiku ule, kwenye vikao vya chama, akisoma mapato na matumizi hanitazami. Nami kipengele cha maswali kikifika, najishughulisha na kuwahudumia watu chai.

Basi nikaamua kuwa mkimya kabisa. Kasoro ni moja: mimi nikihesabu, midomo inacheza. Ni tabia ya tangu darasa la kwanza. Midomo inayocheza Kiingereza inasomeka, kwa hiyo nikahamisha hesabu nzima kwenda kwenye Kiswahili, nikitamka kwa pumzi tu: hasi mbili, hasi moja, sufuri, moja. Nani atanielewa Atlantic City? Nilicheza hivyo kwa amani, nikaanza hata kujiamini na kuongeza sauti kidogo.

Usiku mmoja mgawaji alikuwa mama wa makamo, mweusi, mkimya, kifuani beji ya jina la Kizungu, mikono yake ikipita juu ya kile kitambaa cha kijani bila hata karata moja kupinda. Nilikuwa kwenye tano. Ikatoka nne, nikanong'ona "sita." Ikatoka sita, "saba." Akaja mzungu wa kopa, "sita." Tatu, "saba." Hapo mhudumu akaniwekea soda, nikamshukuru, nikatafuta dola moja ya kumpa. Niliporudisha macho mezani nikaendelea na "saba" yangu.

Zamu ya yule mama ilikuwa imekwisha. Wagawaji wakipokezana meza hupiga kofi moja na kugeuza viganja, vya juu na vya chini, ili kamera zione hawakuondoka na kitu. Akapiga kofi, akageuza viganja, akaiacha meza. Alipopita ubavuni kwangu akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka, bila kunitazama:

"Kakangu, ile tano umeiruka."

Sikuthubutu kugeuka. Niliongeza moja, nikafika nane, nikaondoka mezani na chipu zangu kabla aliyempokea hajagawa.

Nyumbani nako kuna kamera zake. Ndani ya kasino za Atlantic City sigara inaruhusiwa kwenye sehemu ya ukumbi, na moshi haujui mpaka wa sehemu. Mama Neema aliambiwa ni zamu ya usiku. Alichukua shati langu alfajiri moja, akalinusa, akalinusa tena.

"Baba Neema, hao wazee wenu siku hizi wanavutia sigara ndani?"

"Mmoja mmoja."

"Na wale wa Jumatano wao hawavuti? Maana shati la Jumatano linanuka dawa ya kusafishia sakafu."

Nikamweleza yote, maana mwanamke aliyefika kwenye ulinganisho wa mashati huwezi kumrudisha nyuma. Hakukasirika nilivyotegemea. Alivuta karatasi. Akataka kujua faida ni kiasi gani. Nikamwambia ukweli: ukicheza bila kosa, kasino inakuzidi kwa karibu nusu ya asilimia; hesabu ikiwa nzuri, unaizidi wewe kwa kiasi kama hicho. Akaandika. "Kwa hiyo ukiweka dola 100, unategemea senti 50?" Ndiyo, hesabu ikiwa nzuri. "Na dola 100 zenyewe zinaweza kwenda zote?" Zinaweza. "Na ushuru wa barabara ya Parkway kwenda na kurudi?" Nikanyamaza. Akauliza kwa nini nisicheze zile meza za dau dogo, nikamweleza kwamba nyingi zimeshushwa, ree na kumi zinalipwa 6 kwa 5, yaani kwa dola 10 unapewa 12 badala ya 15, na hapo mwenye kuhesabu hana chake.

"Kwa hiyo wewe unafuata ile 3 kwa 2?"

"Ndiyo hiyo."

Akaenda kabatini akarudi na hati yangu ya mshahara, akaweka kidole kwenye mstari wa saa za ziada. Kwa sheria ya Marekani, saa inayozidi 40 kwa wiki inalipwa mara moja na nusu. Hiyo ni 3 kwa 2, ukiwa na ree au huna, na hakuna msimamizi anayekuja kuchanga saa zako katikati ya usiku.

Ijumaa hii nina zamu, ya kweli, na Mama Neema ameshapiga simu kazini kuhakikisha.