Glasi Haihitaji Malkia

Jamani, nisogezeeni kiti, leo nina dukuduku. Jumapili niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaenda soko la vikorokoro la Vanves, kusini mwa Paris, ambako watu wanatandaza barabarani vitu vya nyumba za marehemu: vijiko vya fedha, fremu za picha, vitambaa vya meza vilivyotariziwa herufi za majina ya watu tusiowajua. Ukichelewa hadi saa nne, madalali wameshapita. Nikakuta glasi sita za shampeni, zile pana za zamani ambazo Wafaransa wanaziita coupe: juu kama kisahani, shina jembamba, kitako cha duara. Hata sijainama, muuzaji kanianza. Eti glasi hizi zilipimwa kwa titi la Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa.

Nikasonya. Nikasonya kwa nguvu mpaka mama mmoja kwenye meza ya pili akageuka.

Hivi hadithi hii itaisha lini? Marie Antoinette kazaliwa 1755, kakatwa kichwa 1793. Sasa nendeni Firenze, Italia, kwenye jumba la Uffizi, mkautazame mchoro wa mchoraji Caravaggio uitwao Bacchus. Kijana kavaa taji la majani, mkononi kashika glasi pana ya mvinyo, ya kioo, ina shina. Mchoro huo ni wa miaka ya 1590. Malkia alikuwa amebakiza zaidi ya miaka mia na hamsini kuzaliwa!

Tena kilichotokea kweli ni kitamu kuliko huo uzushi. Mwaka 1788 kiwanda cha Sèvres kilimtengenezea malkia mabakuli ya kaure yenye umbo la titi, kila moja limekalia kigoda chenye vichwa vitatu vya mbuzi, kwa ajili ya nyumba yake ya maziwa pale Rambouillet. Ya kaure, na ya kunywea maziwa. Inaelekea watu wakalibeba bakuli la maziwa, wakalitia mguu wa kioo, wakalijaza shampeni, na leo wanatuuzia.

Kinachoniuma hasa ni hiki: ukishaanza kumsikiliza malkia, mikono inalala. Mnunuzi anasimama anatabasamu, hapapasi kitu. Mimi nikaomba ruhusa, nikazichukua moja moja. Ukipapasa mdomo wa glasi, tumia ncha ya kidole kwanza, kisha ukucha, polepole, duara nzima. Ya pili ukucha ulikwama. Palikuwa pamemegeka kidogo, kama chenga ya mchele, jicho lisingepaona kwa mwanga ule wa asubuhi. Kisha nikazipanga sita kwenye mstari, nikachuchumaa hadi macho yakawa sawa na midomo yake. Moja ilikuwa fupi kuliko wenzake kwa unene wa sarafu. Hapo ujue ilimegeka, mtu akaipeleka kusagwa ukingo ili ionekane nzima. Kusaga si kosa, ufundi huo upo na ni wa heshima. Kosa ni kunyamaza, ukauza kwa bei ya glasi ambayo haijaguswa.

Nikainua ya tatu nikaielekeza mawinguni. Ina ukungu. Nikaifuta kwa leso, ukungu uko palepale. Mnh! Mashine ya kuoshea vyombo hiyo. Joto na sabuni kali vinaila kristali taratibu, na kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi kuwa cheupe, hata ukikiloweka kwenye siki wiki nzima. Kitu kimevuka vita viwili vya dunia, kinakuja kuharibiwa na uvivu wa kusuuza glasi sita kwa mkono.

Muuzaji alipoona malkia hanibabaishi, akahamia kwenye jina. Eti hizi ni Baccarat, hazina alama kwa sababu ni za zamani mno. Sasa hapa ndipo pagumu, maana nusu ya maneno hayo ni kweli. Kiwanda cha kristali cha Baccarat kiko Lorraine tangu 1764, na alama yake iliyochorwa kwa asidi kwenye kitako ilianza kuwekwa kama kawaida mwaka 1936. Kabla ya hapo walibandika karatasi, na karatasi ukiosha inatoka. Kwa hiyo glasi nzuri ya kale inaweza kukosa alama. Lakini hata glasi ya kiwanda kisichojulikana haina alama! Isiyo na alama nunua kwa bei ya isiyo na alama, mpaka umbo lake na michongo yake iseme vingine ukiilinganisha na katalogi za kiwanda. Ndivyo ninavyofanya, na siyumbi.

Sikio nalo lina kazi yake. Kristali ya Baccarat, au ya kiwanda kingine cha Saint-Louis, kwa desturi ina madini ya risasi ndani yake, kama asilimia 30; ukiigonga kwa ukucha inalia, sauti inatambaa. Kioo cha kawaida kinasema "tak," kimekwisha. Tazama pia shina: mstari mwembamba wa juu hadi chini ni mshono wa kalibu, kazi ya mashine. Na hiyo nayo isidharauliwe. Kule Arques, kaskazini mwa Ufaransa, ndiko zinakotoka glasi za Luminarc zilizojaa kwenye makabati ya mama zetu, na mwaka 1968 walianza kutoa kristali ya mashine kwa bei ya mtu wa kawaida. Ilipiwe bei yake tu.

Najua mtaniambia glasi pana inapoteza mapovu. Ni kweli, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reims, akina Gérard Liger-Belair, wamepima: gesi inatoroka upesi kuliko kwenye ile nyembamba ndefu. Basi mimina kidogo, unywe mapema. Na asiyekunywa pombe asijione hahusiki, maana Wafaransa wenyewe neno hilohilo coupe wanalitumia kwa aiskrimu ya kwenye glasi.

Nikamwomba muuzaji tatu zilizokuwa nzima. Akakataa kuvunja seti, nikamuaga. Mwisho kabisa wa soko nikamkuta bibi mmoja ana glasi nne kwenye sanduku la viatu, zimefungwa kwa gazeti. Nikamuuliza habari zake. Akasema zilikuwa za mama yake, na utotoni walikuwa wanakula humo cheri za sukari kila Jumapili. Basi, hakuongeza neno. Nikapapasa midomo, nikapima urefu, nikazielekeza mawinguni. Hakuna alama, hakuna mshono, hakuna ukungu. Akataja bei, nikalipa bila kuvutana naye.

Jioni nikatandika taulo ndani ya sinki, maji ya vuguvugu, nikaziosha moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipokauka nikaigonga kwa ukucha. Kutoka chumba cha pili mke wangu akauliza, nani anapiga kengele?