Hannah Alivyoingia Nyumbani Kwetu

Mama mkwe hakuwa na ugomvi na hesabu. Ugomvi wake ulikuwa na Hannah. "Mtoto gani huyu," aliuliza, "anatia mkono mfukoni, anakula, anatia tena, anakula, wala hasemi karibuni?" Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikisoma swali kwa sauti. "Na huyo aliyemnunulia hizo peremende hakumwambia ni ngapi?"

Tulikuwa Leicester, Alhamisi, tarehe 4 Juni 2015. Binti yetu mkubwa alikuwa ametoka kufanya karatasi ya hesabu ya GCSE, mtihani ambao watoto wa Uingereza huufanya wakikaribia au wakitimiza miaka 16. Hakuingia akilia. Alijitupa kwenye sofa na viatu vyake, akainua simu, akaanza kucheka peke yake. Mke wangu amekulia Mombasa, zama ambazo mtu akitoka chumba cha mtihani alikula wali wake kimya na kuombewa dua. Alimpima homa kwa kiganja.

"Mama, si mimi pekee. Nchi nzima inacheka."

Na kweli ilikuwa inacheka. Swali lilitoka kwenye karatasi ya bodi ya Edexcel, na kwa wasiolikumbuka lilikwenda hivi: Hannah ana peremende n mfukoni. Sita ni za rangi ya chungwa, zilizobaki ni za manjano. Anatoa moja bila kuchagua, anaila. Anatoa nyingine, anaila. Uwezekano kwamba zote mbili ni za rangi ya chungwa ni theluthi moja. Onyesha kwamba n² − n − 90 = 0.

Soma tena pale mwisho. Unakwenda na mtoto dukani, mnachagua rangi, mnatafuna, halafu ghafla sakafu inafunguka na mnatumbukia kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili. Watoto walicheka huko kutumbukia. Twitter ilijaa Hannah kabla wengine hawajafika makwao, na kila mzaha ulikuwa na umbo lile lile: jambo dogo la nyumbani, kisha hitimisho lisilohusiana nalo hata kidogo. Binti yetu alitunga wake palepale, mbele ya wakubwa zake: "Bibi ana maandazi sita. Mjomba anachukua mawili. Thibitisha kwamba mjomba yuko Tanga."

Mjomba mwenyewe, yaani shemeji yangu, hakuwa Tanga. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Alipata kuwa na duka Mombasa kabla hajaja kuishi nasi "kwa muda", na hakuna kitu kinachomkera kama bidhaa isiyojulikana idadi. "Peremende n," alisema, "ndiyo maana maduka yanafungwa."

Kufikia jioni magazeti yalikuwa yamelishika jambo lile kwa mikono miwili. BBC ilikuwa nalo. Guardian ilikuwa nalo, na Alex Bellos, mwandishi wao wa hesabu, alilifumbua hatua kwa hatua. Wanafunzi walianzisha ombi la mtandaoni wakitaka alama zipunguzwe makali, maelfu wakatia saini. Bodi nayo ikajibu kwa upole wa kiofisi kwamba mtihani lazima uwe na maswali ya kuwapima hata wale wenye uwezo wa juu kabisa. Nje ya magazeti, watu wazima wakagawanyika: hawa wakisema kizazi hiki kimeharibiwa na simu, wale wakisema watoto wanaonewa. Nyumbani kwetu mgawanyiko ulifuata ramani ile ile, ila sisi tulikuwa na sofa moja tu ya kugawana.

Nikiri kwamba hasira za aina hii nazielewa zikiwa mahali pake. Mwaka uliotangulia, Juni 2014, wanafunzi wa Ufaransa waliletewa kwenye mtihani shairi la Victor Hugo liitwalo "Crépuscule", wakatoka wakimtukana Hugo mtandaoni kana kwamba yeye ndiye aliyesimamia chumba. Hugo alifariki mwaka 1885. Magazeti ya huko yakaguna, lakini marehemu alilala salama. Mwaka 2022 hali ilikuwa nyingine. Mtihani ulitoa kipande cha riwaya ya Sylvie Germain, "Jours de colère", iliyopata tuzo ya Femina mwaka 1989, na mwandishi huyo yu hai. Matusi yalimfikia. Alijibu hadharani kwamba ni jambo zito kuona wanafunzi wakiichukia lugha na kazi ya kufikiri kiasi hicho, na sioni wa kumlaumu. Mwanamke anayefungua simu asubuhi akakuta anatukanwa na watoto asiowajua kwa kosa la kuandika vizuri miaka mingi iliyopita, huyo hakufanyiwa mzaha.

Watoto wa Uingereza walibahatika. Hannah hayupo. Hana simu, hana mama, hana heshima ya kuvunjiwa. Unaweza kumcheka mpaka mbavu ziume na asiumie mtu. Binti yetu alilijua hilo tangu mwanzo. Waliolisahau ni wakubwa.

Shemeji ndiye aliyesema tufanye kwa vitendo. Hoja yake ilikuwa kwamba magazeti yanaandika mlinganyo kwa sababu waandishi hawana peremende. Akaenda kwa Mgujarati wa kona, mzee aliyezaliwa Jinja, ambaye humuuzia mchele akimsalimu kwa Kiswahili, na akarudi na peremende sita za rangi ya chungwa na nne za manjano. Kumi ndilo jibu, alikuwa ameliona gazetini. Kilichobaki ni mfuko usioonyesha vya ndani. Mifuko yote ya nyumbani ilikuwa ya plastiki nyepesi, basi akaazima mkoba wa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi, na jua la Juni katika nchi ile halitui mpaka saa tatu na zaidi usiku. Alikubali kuwa Hannah kwa sharti kwamba hatakula. Shemeji akakataa. Swali limesema anakula, na asipokula si hesabu tena, ni utalii.

"Kula si lazima," binti yetu alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Muhimu asirudishe. Akiishika mkononi, mfukoni zimebaki tisa vilevile."

Sote tukanyamaza. Mke wangu akamuuliza amejuaje.

Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika: sita juu ya n, mara tano juu ya n kutoa moja, sawa na theluthi. Juu thelathini, chini n² − n. Kwa hiyo n² − n ni tisini, na tisini ikihamia upande wa pili, lile balaa zima la magazeti limekwisha. Sehemu iliyofuata ya swali ilitaka n yenyewe, akaitoa: kumi, au hasi tisa. Haikumchukua muda wa kuchemsha chai.

"Kumbe uliliweza!" nikasema.

"Kwani nani alisema sikuliweza?"

Hapo nikatazama gazeti kwa jicho jingine. Kurasa zote zile zilidhani anayecheka ameshindwa. Hakuna aliyedhani kwamba mtu anaweza kulimaliza swali, akaweka kalamu chini, na bado akaliona ni la kuchekesha. Kuna waliolia siku ile, sina shaka, na ombi lile halikutiwa saini na wenye raha. Lakini ule mzaha ulikuwa usomaji. Watoto waliliona swali lilivyoshonwa na wakaonyesha pale uzi ulipokatika.

Shemeji alikuwa amevutiwa zaidi na hasi tisa. Binti alimweleza kwamba hiyo inatupwa, kwani hakuna peremende hasi. "Zipo," alisema mwenye duka. "Ni mtu aliyekula akasema andika." Nadhani kwa kauli hiyo angepata alama moja, kwa kuonyesha njia.

Jaribio likaendelea hata hivyo, kwa kuwa peremende zilishanunuliwa. Nafasi ya Hannah akapewa mdogo wake binti, mvulana wa darasa la pili, aliyejitolea kabla ya kuombwa. Shemeji alishika daftari. Kijana akitoa mbili, akala, shemeji akiandika, kisha pengo likajazwa kutoka mfuko wa akiba, ili mambo yaanze upya. Ilitarajiwa katika kila mara tatu, mara moja zitoke za chungwa mbili. Hazikutoka. Manjano, manjano, chungwa na manjano, manjano tena. Shemeji akaanza kumshuku Alex Bellos. Ni mama mkwe aliyeuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuharibu starehe ya wengine, kama kuna aliyetoa vidonge vyake vya koo mle mkobani. Vilikuwa vya ndimu na asali. Vya manjano. Kijana alikuwa amevila vingi tu, na sasa alikuwa ameketi wima katikati ya sofa, kimya, midomo imembadilika rangi.

Yaliyofuata sofa inayakumbuka. Mke wangu aliita jina langu, si la kaka yake, na nilijua bili itakuja kwa nani.

Katikati ya zogo lile, shemeji alirekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Alikusudia kuwatupia kitendawili. Lakini waliousikia walisikia hivi: mtoto anatapika kwa nyuma, mwanamke anapiga kelele, na mwanamume anahema akisema, "Hannah amekula peremende, ametia mkono hivi hivi tu, na hatujui zilikuwa ngapi."

Shangazi aliye Muscat aliupokea usiku wa manane wa kwake. Aliamsha watu. Wa Mombasa wakaanza kusoma dua. Mtu wa Toronto akauliza Hannah ni mtoto wa nani, akajibiwa kwamba huu si wakati wa kuuliza nasaba. Mwingine akasambaza lile onyo la miaka nenda miaka rudi kuhusu peremende zenye sumu zinazogawiwa watoto milangoni mwa shule. Binamu mmoja aliandika kwamba ameona jina la Hannah hata kwenye habari za BBC, na hapo shaka zote zikaisha. Kama BBC wamelitangaza, basi mtoto hali yake ni mbaya.

Asubuhi ya Ijumaa simu ya mama mkwe haikupoa. Wa kwanza aliwaeleza kwa kirefu: Hannah ni wa mtihani, si mtu, peremende ni za hesabu. Wakamwambia pole, amechanganyikiwa kwa majonzi. Wa pili akawaeleza kwa kifupi. Kufikia saa nne alikuwa anajibu tu, "Anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu," na kila aliyesikia alifarijika na kukata simu.

Fundi wa kusafisha sofa alipokuja, shemeji alitoa theluthi moja ya malipo na kusema ndivyo swali linavyotaka. Agosti ikafika. Huko Scotland, ambako mwaka huohuo watoto walikuwa wamekasirishwa na swali la mamba anayenyemelea windo ng'ambo ya mto, bodi yao ilikubali kwamba karatasi ilikuwa ngumu mno na kushusha alama ya kufaulu hadi asilimia 34. Kwetu matokeo yalitoka tarehe 20, na binti alifaulu vizuri. Tukalitangazia kundi.

Wiki hiyo kikaja kifurushi kutoka Muscat. Makopo mawili ya halwa, moja limeandikwa jina la binti yetu, la pili limeandikwa "Hannah, hongera kwa afya". Mke wangu akachukua simu, akasema imetosha, leo shangazi ataambiwa ukweli. Mama mkwe akamshika mkono.

"Mkimwambia hayupo," alisema, huku kisu kikiwa tayari juu ya kopo, "atataka arudishiwe halwa yake."