Mwezi wa Wiki Nane

Malindi, Novemba 2021

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Twakupa hongera. Jumapili tarehe 21 umetangaza kwamba ifikapo 21 Desemba, asiyekamilisha chanjo ya korona asitie mguu ofisi ya serikali kutaka huduma, iwe ya kodi, ya uhamiaji au ya elimu. Hata aendaye kumtazama mgonjwa hospitalini au mfungwa jela, aonyeshe cheti kwanza.

Sisi wenye watoto vyuoni tumekaa barazani tukapiga hesabu. AstraZeneca, ndiyo iliyotangulia kutufikia, ni dozi 2, na Shirika la Afya Duniani lashauri baina yake zipite wiki 8 hadi 12. Basi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani aliyekusikia Jumapili, Jumatatu akawahi foleni akachanjwa, siku yako ya mwisho itamkuta angali na nusu ya chanjo. Mtiifu kuliko wote, na bado mkosaji! Huku kwetu mwezi ukiandama una siku 29 au 30. Wa Afya House, naona, una wiki 8.

Usidhani twaogopa sindano. Mwaka 2020, kabla nchi haijapata shehena yoyote, watu wa Kilifi, kaunti yetu, walitoa mikono yao kwa watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, chanjo hiyohiyo ya Oxford na AstraZeneca ijaribiwe. Na ile ya malaria, RTS,S, ilikwisha kujaribiwa kwa watoto wetu zamani. Kwenye kujaribiwa tuliitwa mbele. Kwenye huduma twaulizwa cheti. Shehena ya kwanza, dozi milioni 1 na kidogo, ilishuka Nairobi Machi 3 mwaka huu. Kisha India, zilikotengenezwa dozi hizo, ikazuia chanjo zake zisitoke, na waliochomwa mara moja wakabaki kungojea. Siku uliyotangaza, waliokamilisha hawakufika mtu 1 katika kila watu wazima 10. Makarani watapumzika vizuri Krismasi hii.

Na kijana wa Ganze, Kilifi hiihii, aliyetimiza miaka 18? Ataka kitambulisho ndipo aombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kitambulisho ni cha serikali, HELB ni ya serikali, chuo nacho ni cha serikali. Labda akae nyumbani kwao, maana pale serikali haijawahi kufika.

Ombi letu ni dogo. Zileteni dozi vyuoni, wachanjwe wanafunzi, wahadhiri, na wapishi wa bwalo wasisahauliwe. Hesabuni wiki zenyewe. Mlinzi wa kukagua vyeti langoni atafuata baadaye. Walinzi hatujawahi kuwakosa.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mwanafunzi, mwenye dozi 1

N.B. Zahanati nitakayokwenda kuchomwa dozi ya pili ni ya serikali. Je, mlangoni nionyeshe cheti?