Ukungu wa Upande Gani?

Busia ni mji wenye jina moja na nchi mbili. Malaba nako vivyo hivyo. Kwetu ukimpigia mtu simu akakwambia yuko Busia, bado hajakwambia kitu, itabidi umuulize, "Upande gani?" Nimewahi kulala kitandani kwangu, ndani ya Kenya kabisa, simu ikanikaribisha Uganda. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa upande anaoingia tu, lakini swali hilo halijatutoka mdomoni. Ndiyo maana nina aibu ya ziada kusimulia kwamba gari langu limeniumbua mara mbili, na mara zote mbili nilikosea upande.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na jua likatoka na hasira zake. Fundi alikuwa amenitengenezea kiyoyozi cha Probox yangu jana yake, nami, kama mtu yeyote aliyetoka kulipa pesa nyingi, nilikifungulia mpaka mwisho na kupandisha vioo vyote ili majirani wajue. Kabla sijafika sokoni, kioo cha mbele kikageuka maziwa. Nikafuta kwa kiganja. Nikafuta kwa mkono wa shati. Nikafuta kwa risiti ya fundi huyo huyo. Wapi! Kijana wa bodaboda akasimama ubavuni, akanitazama ninavyopigana na kioo, kisha akanyoosha kidole kimoja akachora mstari. Mstari ukang'aa. Alikuwa ameuchora kwa nje.

"Mzee, wewe uko ndani, ukungu uko nje," akasema, akatia gia akaenda zake.

Busia ndiko bodaboda zilikozaliwa, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo yao mpakani, na nadhani kujua upande kumo kwenye damu yao. Kiyoyozi kilikuwa kimekipoza kioo changu kama chupa ya soda inayotolewa kwenye friji, na hewa ya nje, iliyokuwa imeshiba maji, ikaacha jasho lake pale. Dawa yake ni kupunguza baridi na kuwasha waipa. Mapigo mawili tu, kwisha. Hapo nikala viapo viwili: kioo kikifumba tena, ni waipa, na kile kitufe cha kiyoyozi sitakigusa tena maishani.

Viapo vyote viwili vilikwenda kunisubiri Timboroa.

Ilikuwa Julai, mke wangu akanituma nimchukue mama yake kwao, karibu na Amagoro, nimpeleke Nairobi. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawabanani. Wazee wetu wakikutana naye njiani walikuwa wanapita kichakani. Probox haina kichaka. Mama akaketi kiti cha nyuma, mimi mbele, macho yangu barabarani kwa adabu, na katikati yetu kukawa na kuku wawili, mwavuli uliolowa, gunia la viazi vitamu vilivyochimbwa asubuhi hiyo na kuja na tope lake, pamoja na sufuria ya karanga za kuchemsha, imefungwa kwa leso, bado inafuka mvuke. Akasema neno moja tu:

"Mkwe, kifua changu hakitaki upepo."

Vioo vikapanda. Tulipopita Bungoma akaanza nyimbo za kanisa, na mama ana pumzi.

Mpaka Eldoret mambo yalikuwa sawa. Lakini sisi watu wa Busia tumezoea kuishi kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na Timboroa, penye mojawapo ya stesheni za reli zilizo juu zaidi Afrika, ni zaidi ya mita 2,700. Giza liliingia tukiwa Burnt Forest. Baridi ikashika kioo, na kioo kikafumba. Mimi, mwanafunzi wa bodaboda, nikawasha waipa kwa majivuno. Zikakwaruza kioo kikavu kwa sauti ya mbuzi anayechinjwa. Kuku wakajibu. Mama hakukatiza ubeti.

Nikaegesha pembeni, nyuma ya trela moja lililokuwa linaelekea Malaba. Dereva wake, mtu wa Mombasa kwa lafudhi, alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Akaliangalia gari langu, jeupe pande zote kama yai.

"Bwana we, humo ndani mwapika?"

Nikamweleza. Akaingiza mkono, akabonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Miaka yote nilidhani ule ni mshale wa kugeuza gari. Kumbe ulikuwa umefunga hewa ya nje, tukawa tunavuta pumzi zile zile tangu Bungoma, zikiwa zimeongezewa supu ya karanga. Kisha akawasha joto, akaielekeza feni kwenye kioo, na pamoja na joto hilo akawasha kiyoyozi. Nikamwambia nimeapa. Akasema kiapo changu hakimhusu: kiyoyozi ndicho kinachokamua maji kwenye hewa, na joto ndilo linalopasha kioo. Alisema ukitumia kimoja tu, mwendo wako utakuwa wa kuchechemea.

Akaleta na kipande cha sabuni ya mche. Akakisugua kwenye kioo kwa ndani, kikiwa kikavu, kisha akapangusa kwa kitambaa hadi alama zikapotea. Sabuni haizuii maji kuja. Huyafanya yatandae kama utando mwembamba unaoonyesha njia, badala ya kusimama matone matone. Alijifunza hayo foleni ya Malaba mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wanasubiri majibu ya korona na kulala garini usiku baada ya usiku. Walipandisha vioo kwa kuogopa mbu na wezi, wakaamka wananyeshewa na pumzi zao wenyewe. Dawa waliyokubaliana ni kuacha kioo wazi upana wa kidole, mbu akitaka aingie.

(Binamu yangu aliye Minnesota hucheka nikimsimulia. Kwake ukungu huo huganda uwe barafu, kwa ndani, kwa sababu huacha zulia la miguuni limelowa theluji ya viatu vyake, naye hukwangua kioo kwa kadi ya benki.)

"Na mizigo yenye maji iende kwenye buti," dereva akamalizia, kisha akainamisha sauti. "Na huyo mama, apunguze kuimba. Pumzi ni maji."

Hilo la mwisho nani angelifikisha? Nikapeleka sufuria nyuma kabisa, nikateremsha kioo changu upana wa kidole, nikanyamaza. Lakini mama alikuwa na masikio. Kutoka Timboroa hadi Nakuru hakutoa hata sauti, amekaza midomo, leso puani, na kioo kikawa cheupe pe kwa maana nyingine, yaani nikaona hadi nyota.

Taa za Nakuru zilipoanza kuonekana, nikasikia kutoka nyuma, kwa heshima zote:

"Mkwe, sasa naweza kuvuta pumzi?"