Sakafu Isiyopenda Kudekiwa

Watu wa pwani wakisikia Karatu huwaza simba. Sisi wenyeji, mwezi wa saba, tunawaza soksi. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unapita 2,200, na baridi ya kule hushuka jioni ikapita geti la hifadhi, Lodoare, bila kibali.

Ndipo shemeji yangu anayeishi Norway akatuletea mkeka wa nyaya za kupasha sakafu joto. Unatandikwa chini ya marumaru, unaungwa umeme, miguu inastarehe. Bibi alipoelezwa alicheka. Zamani, alisema, Wairaqw walilala na ng'ombe ndani, joto la bure, na hakuna aliyenunua uniti. Hoja yake nzito. Ngorongoro yenyewe ilipashwa kutoka chini na volkano mpaka ikaporomoka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na Oldoinyo Lengai bado ina moto tumboni. Kupasha sakafu si jambo geni kwetu. Geni ni umeme wa LUKU.

Mkeka ni wa wati 1,500. Ukiuwasha kwa saa sita kila usiku, unakula uniti tisa. Zile uniti 75 za mwezi, za bei nafuu, hazifiki usiku wa kumi.

Hilo tulilivumilia. Kilichotushinda ni Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi breka inaruka, redio kimya, friji kimya. Kesho yake inakubali kupanda, tena kwa adabu.

Fundi wa kwanza alivua viatu akatembea peku sebuleni kama anayetafuta kisima, kisha akatamka: "Umeme wa wikendi ni mdogo." Wa pili aliulaumu waya wa ethi. Udongo umekauka, alisema, akamwaga chumvi na maji pale ufito wake ulipochimbiwa. Mbuzi wa jirani walipata habari kabla hatujamlipa. Jioni shimo lilikuwa limerambwa likatakata.

Wa tatu, kijana mpole, alizima swichi kubwa akatoa mita yake mkobani. Ncha kwa ncha ya waya wa mkeka, omu 35. "Waya haujakatika, hesabu inakubali." Waya na ethi: hakuna kitu, safi. Alikuwa anafunga mkoba mpwa wangu alipoingia na ndoo na dekio lake la kila Jumamosi, maana vumbi jekundu la Karatu halingoji mafundi.

"Hebu deki," fundi akamwambia, akarudisha nyaya za mita.

Maji yalipofika mlangoni, mita ikaamka.

Pale kuna kizuizi cha mlango, kile kidude cha mpira, kimefungwa sakafuni kwa skrubu. Fundi wa milango alipotoboa, alichubua ganda la waya. Pakiwa pakavu, hakuna neno. Maji yakiingia tunduni, umeme unavujia kwenye ethi, na breka inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

"Mjomba, kwa hiyo nisideki tena?" mpwa aliuliza, uso umechanua.

"Utafuta kwa magoti, na kitambaa kikavu," Bibi akamjibu kabla yangu.

Tukamwita fundi wa milango aje aone. Alichuchumaa, akakishika kizuizi kwa mikono miwili, akakitikisa kwa nguvu zake zote, halafu akanitazama kwa fahari.

"Bosi, ona kazi! Haijalegea hata kidogo."