Namna ya Kuposa Vyuo Vitatu kwa Mara Moja

Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoomba vyuo vya Marekani wana kosa moja kubwa: husoma masharti. Wewe usisome. Chagua vyuo vitatu vyenye utaratibu wa Early Decision, ambao wenyewe huuita ED, kisha peleka posa kote kabla ya Novemba 1. Kila kimoja kiambie ndicho pekee ulichokiota tangu utotoni. Ila kumbuka kubadilisha jina la chuo kwenye insha.

Kwa wale wasiojua: ED ni ahadi. Njia hiyo ni ya chuo kimoja tu, jibu hutoka katikati ya Desemba, na ukikubaliwa unafuta maombi mengine yote na kwenda huko. Fomu ya ahadi ina sahihi tatu, yako, ya mzazi na ya mshauri wa masomo wa shule yako. Sahihi ya baba haina shida. Mwambie ni mambo ya chuo, atatia hata bila miwani. Kazi ipo kwa mshauri. Huyo ndiye mshenga, na hakuna mshenga anayepeleka barua nyumba tatu halafu akaalikwa tena. Mwakani wewe utakuwa Boston unajifunza kuvaa makoti mawili, naye atakuwa palepale shuleni, akiwaandikia wadogo zako barua za sifa ambazo hakuna anayeziamini. Mwambie asijali.

Usiogope kushtakiwa; si desturi ya vyuo kumfikisha mtoto mahakamani kwa ajili ya ED. Kinachoweza kutokea ni kwamba vyuo vyote vitatu vitagundua na kila kimoja kitafuta nafasi yako. Watagunduaje? Watu huongea. Mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilivitaka vyuo kadhaa vihifadhi mawasiliano yao kuhusu kupeana majina ya waliokubaliwa kwa ED, ikitaka kujua kama havivunji sheria za ushindani. Mwaka uliofuata chama cha maofisa na washauri wa udahili, NACAC, kikafuta vifungu kadhaa vya kanuni zake za maadili kwa shinikizo la wizara hiyohiyo. Kimojawapo kilikataza chuo kumshawishi mwanafunzi ambaye tayari amekubali kwenda kwingine. Kwa hiyo leo chuo kinaweza kumtongoza mchumba wa mwenzake mchana kweupe, lakini wewe mwenye miaka 17 ukijaribu hivyo, umekosa maadili.

Na hata ukiwa mwaminifu, ahadi hii haiwabani watu wote sawasawa. Vyuo hupenda ED kwa sababu vinajua nani anakuja, na vingi hukubali sehemu kubwa zaidi ya waombaji wa mapema kuliko wa baadaye. Mwenye pesa anatia sahihi bila kuuliza mahari. Anayehitaji msaada wa karo hapati nafasi ya kulinganisha chuo hiki kinatoa nini na kile kinatoa nini. Ni kweli, msaada usipotosha anaruhusiwa kujitoa, lakini Desemba hiyo atakuwa ameshika bei moja tu mkononi.

Ipo njia nyingine, Early Action, isiyo na kifungo. Unaomba vyuo kadhaa mapema, unapata majibu mapema, unaamua hadi Mei 1. Kasoro yake ni kwamba haihitaji uongo wowote, hivyo mwongozo huu hauna la kukusaidia. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hawakufungi ukikubaliwa, ila wanakataza kuomba mapema vyuo vingine binafsi vya Marekani. Vya nje ya nchi hiyo wanaruhusu, mradi havikufungi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakimwudhi mtu Yale.

Kama nyumbani kwenu karo inajadiliwa kwa sauti ya chini, anza na Early Action, na ED mwachie yule ambaye baba yake haulizi bei.