Kikao Chini ya Mkorosho

Njaa ilipozidi kibandani kwa Kuku, ndege wa Mkuranga waliitisha kikao chini ya mkorosho. Ajenda ilikuwa moja: kwa nini kwa Kuku wanalala njaa, ilhali kwa Njiwa punje zinabaki? Mwenyekiti alikuwa Jogoo. Vifaranga wote tisa wa Kuku walikuwa na rangi yake, lakini hilo halikuwamo kwenye ajenda.

Kanga alisimama wa kwanza. "Hajui kupangilia maisha. Si amtazame Njiwa!"

Basi wakamtazama Njiwa. Ikaonekana mume hulalia mayai mchana, mke akaenda kutafuta, jioni wanapokezana. Makinda wawili, walishaji wawili. Kuku alilalia siku 21 peke yake, akitoka mara moja kwa siku kuchakura mbiombio na kunywa maji, mayai yasipoe. Vifaranga walipoanguliwa mambo yakazidi: akienda mbali, Mwewe anashuka, akibaki karibu, pale karibu pameshachakurwa tangu juzi. Bundi, aliyepewa kazi ya kuhesabu, alileta ripoti ya mstari mmoja: mdomo mmoja unatafuta, midomo kumi inakula.

"Huo si utafiti," Jogoo akasema. "Tatizo hapa ni maadili."

Hapo Hondohondo akaomba nafasi. "Mwenyekiti, mimi maadili nilikuwa nayo. Niliolewa, nikaingia ndani ya tundu la mti, mlango tukauziba kwa udongo, mume akawa ananilisha kupitia ufa. Siku alipopigwa manati, manyoya ya mabawa yalikuwa yameshaninyonyoka. Nilikosa adabu wapi?"

Kimya. Mwenyekiti akaelekeza maneno hayo yasiingie kwenye muhtasari.

Kuku mwenyewe hakulia. Aliuliza tu habari ya matunzo. Jogoo akakohoa, akaahidi punje moja kwa mwezi, hali ikiruhusu. Msomaji usimcheke: Tanzania Bara, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipofuta sheria iliyorithiwa kwa mkoloni, matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa yalikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Hela ya andazi. Jogoo hakubuni kitu.

Yakapitishwa maazimio mawili. La kwanza, wajumbe walipwe posho ya kikao, punje 40 kila mmoja, na zitoke kwenye mfuko wa kusaidia familia duni. La pili, Kuku apelekwe semina ya ujasiriamali ya siku tatu, ng'ambo ya mto.

"Na watoto nitamwachia nani?" Kuku akauliza.

Njiwa walikuwa na zamu. Kanga alikuwa na safari. Jogoo alikuwa na alfajiri ya kuwikia. Juu ya tawi Mwewe, ambaye hata mjumbe hakuwa, akainua ubawa kujitolea, na wajumbe wakampigia makofi.

Siku ya nne Kuku alirudi na cheti. Aliacha vifaranga tisa, alikuta wanne.